TUMJUE MPOKEZI KABLA YA KUIAMINI PICHA

Matini ya darsa iliyotolewa msikitini baina ya sala za Magharibi na Isha



Kila sifa njema ni ya Allah (SW), Mola aliyetupa masikio, macho na nyoyo, kisha akatujulisha kwamba vyote vitatu vitaulizwa. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (SAW), watu wa nyumba yake, Masahaba zake na wote waliowafuata kwa wema. Ama baad.

Ndugu zetu katika Imani,

Darsa nyingi zimekwishatolewa katika misikiti yetu kuhusu televisheni. Aghlabu zilikemea picha za uchi, michezo ya mapenzi na mipira inayowachelewesha vijana na sala. Khilafu ya wanazuoni juu ya picha zenyewe nayo inajulikana, na hatukusudii kuifungua usiku huu. Tunataka kuzungumza na mtazamaji mmoja ambaye darsa hizo zote humpita pembeni, kwa kuwa yeye hatazami upuuzi. Yeye hutazama siasa.

Mtu huyu tunamjua sote. Akishasali Isha hukaa mbele ya kioo, rimoti mkononi. Huanza na taarifa ya habari ya hapa nyumbani. Kisha huhamia stesheni za nje, za Kiarabu na za Kiingereza, kujua hali ya Palestina, ya Sudan na ya Yemen. Baada ya hapo huja mjadala wa wachambuzi, na usiku ukishakuwa mkubwa huweka picha ndefu: ya vita, ya mapinduzi, au ya kiongozi aliyeuawa. Zamani alikuwa na deki na mikanda ya video. Zikaja CD za mitaani, likaja dishi, kikaja king'amuzi pale matangazo ya analojia yalipoanza kuzimwa Tanzania mwishoni mwa mwaka 2012. Leo anayo simu, na kioo humfuata hadi kitandani. Asubuhi barazani yeye ndiye mwenye habari, na wengine ni wasikilizaji.

Hatumdharau mtu huyu. Mtume (SAW) aliwafananisha Waumini na mwili mmoja, kiungo kimoja kikiugua mwili mzima hukesha kwa homa. Anayekosa usingizi kwa sababu ya yatima wa Gaza ana kheri ndani yake. Na Umma usiojua yanayopangwa juu yake huburutwa kama mnyama anayepelekwa mnadani. Kwa hiyo hatumwambii afumbe macho.

Lakini mtu huyu hufanya jambo moja ambalo asingelikubali hata kidogo katika mambo ya dini yake. Akisomewa hadithi ngeni huuliza hapo hapo: imepokewa na nani? Ni sahihi au ni dhaifu? Usiku huo huo hupokea kutoka kwenye kioo habari za vita, za damu na za heshima za watu, asiulize lolote. Ukimhoji hukujibu: nimeona kwa macho yangu.

Ndugu zetu, hakuona. Aliyeona ni yule aliyekuwepo mahali pale. Huyu amesimuliwa, na aliyemsimulia ametumia picha badala ya ulimi. Na kila picha ina mlolongo wa wapokezi: yupo aliyeishika kamera na kuchagua pa kuielekeza, yupo aliyekata na kuunganisha, yupo aliyeandika maneno ya kusomwa juu yake, yupo mwenye stesheni, na nyuma ya wote yupo anayelipa. Aya ya sita ya Suratul Hujuraat inawaamrisha Waumini kuichunguza habari wanayoletewa na fasiki, wasije wakawadhuru watu kwa kutojua kisha wakajuta. Na Mtume (SAW) ametufundisha kwamba yatosha kuwa ni uongo mtu kusimulia kila alichokisikia. Hakuna dalili kwamba amri hiyo inasita pale habari inapokuja na rangi na sauti.

Wanazuoni wetu wa hadithi waliacha elimu ya kupima mapokezi ambayo tunaisomesha katika madrasa zetu. Tunaomba kuichukua elimu hiyo, kwa mfano tu, na kuipeleka sebuleni. Tutataja kasoro nne.

KWANZA: MPOKEZI ASIYEJULIKANA

Mpokezi ambaye hajulikani ni nani au hali yake ikoje huitwa majhuul, na riwaya yake haijengewi hukumu. Sasa tulitazame lililotokea Washington tarehe 10 Oktoba 1990. Iraq ilikuwa imeivamia Kuwait tangu tarehe 2 Agosti mwaka huo. Mbele ya kikao cha wabunge wa Marekani kuhusu haki za binadamu alikaa binti wa miaka 15, akatambulishwa kwa jina lake la kwanza tu, Nayirah. Akasimulia huku akilia kwamba katika hospitali moja ya Kuwait aliwaona askari wa Iraq wakiwatoa watoto njiti katika mashine zinazowahifadhi na kuwaacha wafe juu ya sakafu ya baridi. Televisheni zikayabeba machozi yake nyumba kwa nyumba. Rais George Bush, baba, akaikariri habari hiyo mara kadhaa katika hotuba zake. Januari 1991 vita vikaanza.

Ulipofika mwaka 1992 ndipo watu walipojulishwa mpokezi yule ni nani. Alikuwa binti wa balozi wa Kuwait mjini Washington. Ushahidi wake uliandaliwa kwa msaada wa kampuni ya uhusiano wa umma iitwayo Hill & Knowlton, ambayo ilikodiwa na jumuiya iliyopata sehemu kubwa ya fedha zake kutoka serikali ya Kuwait. Na wachunguzi wa haki za binadamu waliofika Kuwait baada ya vita hawakupata ushahidi wa kuthibitisha kisa kile kama kilivyosimuliwa.

Tuwe waadilifu. Uvamizi wa Kuwait ulikuwa dhulma, na watu wasio na hatia waliuawa na kuteswa. Hilo lilithibiti kwa njia nyingine. Lakini aliyeyaamini machozi ya binti yule sebuleni kwake alikubali vita kwa kauli ya mtu asiyemjua. Swali la kwanza basi ni hili: huyu anayezungumza ni nani, ni mtoto wa nani, na amefikaje mbele ya kamera?

PILI: UFUPISHAJI UNAOBADILISHA MAANA

Wanazuoni walioruhusu kuifupisha hadithi waliweka sharti: kinachoachwa kisiwe kimefungamana na kinachobakishwa kiasi cha kuibadili maana. Kioo hakina sharti hilo. Kila picha ni ufupisho, kwa sababu kamera ina kingo nne, na yaliyo nje ya kingo hizo mtazamaji hayajui.

Tarehe 9 Aprili 2003 ulimwengu ulioneshwa sanamu la Saddam Hussein likiangushwa katika uwanja wa Firdos mjini Baghdad. Katika picha za karibu, uwanja unaonekana umejaa watu wenye furaha. Katika picha zilizopigwa kutoka mbali na juu, uwanja ule ule unaonekana sehemu kubwa ni tupu, wengi wa waliopo wamekusanyika karibu na sanamu, na magari ya kijeshi ya Marekani yamesimama pale. Wairaqi walianza kulipiga sanamu kwa nyundo, nao hawakuwa watu wa kubuni. Wengi wao walikuwa na kila sababu ya kumchukia dhalimu yule. Lakini lililoliangusha ni gari zito la jeshi la Marekani, na kabla ya hapo askari mmoja alikwishalifunika uso kwa bendera ya nchi yake. Uwanja ule uko mbele ya hoteli ya Palestine, ambako waandishi wengi wa kigeni walikuwa wakikaa. Siku moja kabla yake, tarehe 8 Aprili, kifaru cha Marekani kilipiga hoteli hiyo hiyo na kuwaua wapiga picha wawili, na siku hiyo hiyo ofisi ya Al Jazeera mjini Baghdad ilishambuliwa kutoka angani, akafa mwandishi wao Tareq Ayyoub. Haya yote yalitokea. Ni lipi kati ya hayo lililorudiwa kwenye kioo usiku kucha? Na ni lipi ambalo mtazamaji wetu analikumbuka hadi leo?

Katika madrasa yetu huwapa wanafunzi zoezi dogo. Kila mmoja hukata tundu katika karatasi, akaishika mbele ya jicho, kisha akatazama uwanja wa msikiti na kueleza anachokiona. Mmoja husema watu wanagombana. Ameona mikono inayosukumana mbele ya bomba la udhu. Mwingine husema msikiti ni gofu. Ameona ukuta wa nyuma uliobanduka plasta. Mwingine husema ni bustani; ameona mwembe. Hakuna hata mmoja aliyesema uongo. Kisha huwaambia waziweke karatasi chini. Watoto wa miaka minane hulifahamu somo hili kwa dakika kumi, na sisi watu wazima tunahitaji kulikumbuka kila tunapowasha televisheni.

TATU: MANENO YALIYOPACHIKWA

Hadithi ambayo ndani yake maneno ya mpokezi yamechanganyika na matini, hata msikilizaji akayadhani ni ya Mtume (SAW), huitwa mudraj. Mfano wake tunao mitaani. Wote tumeziona picha za Kihindi na za Kichina zilizotiwa sauti ya Kiswahili, ambamo mtafsiri huingiza utani wake, akampa jambazi jina la mtaani kwetu na kumsemesha yasiyokuwemo. Hapo tunacheka kwa sababu tunajua. Hatari ni pale tusipojua.

Ipo picha ya Kitaliano ya mwaka 1966 iitwayo Africa Addio, ya Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi. Watu wa Visiwani na ndugu zao waliotawanyika Omani na Ghuba wanaifahamu, kwani imezunguka miaka mingi kwa mikanda na CD, na watu huitazama milango ikiwa imefungwa. Ndani yake mna sehemu iliyopigwa kutoka angani, inayoonesha maiti na makaburi baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya Januari 1964. Mzee anayeitazama huenda anamtafuta ndugu yake katika taswira ile. Hilo ni jambo zito, na hatuna ruhusa ya kulifanyia mzaha.

Lakini picha hiyo haikutengenezwa kwa ajili ya kuwalilia waliouawa. Sauti inayosimulia juu yake, pamoja na namna sehemu zake zilivyopangwa kutoka nchi moja hadi nyingine, inajenga dai moja: kwamba Mwafrika alipoachwa na mkoloni alirudi katika fujo, kwa kuwa hana uwezo wa kujitawala. Dai hilo limepachikwa. Kwa muda mrefu picha hii imelaumiwa kwa kuwadharau Waafrika, na watengenezaji wake wamelaumiwa kwa jinsi walivyowatumia watu wanaokufa kuwa tamasha. Kwa hiyo wako watazamaji wetu wa aina mbili, na wote wamekosea. Wa kwanza huchukua taswira pamoja na dharau yake, akalea chuki ya ukabila ndani ya nyumba yake na kuirithisha kwa wajukuu. Wa pili huiona dharau ile, akaitupa na taswira, akasema hapakuwa na lolote. Mwadilifu huyatenganisha. Waliouawa waliuawa, na kuwaombea rehema ni haki yao. Maneno ya Mtaliano ni ya Mtaliano.

Tunalisisitiza hili kwa sababu ya vijana wetu. Kuanzia miaka ya 2010 vijana kadhaa wa pwani yetu waliziacha nyumba za wazazi wao wakaenda kupigana Somalia, na video zenye sauti ya Kiswahili zilikuwa miongoni mwa njia za kuwaita. Namna zilivyotengenezwa ni ile ile. Mwanzo huwekwa taswira ya dhulma, na mara nyingi taswira hiyo ni ya kweli: nyumba iliyobomolewa, mama anayelia, mtoto aliyekatwa mguu. Juu yake huwekwa kasida inayotikisa moyo. Kisha, kijana akiwa machozi yanamtoka, sauti humpa amri. Baba aliyeko chumba cha pili anatazama mjadala wake wa siasa, wala hajui mwanawe anatazama nini. Tunawaambia vijana waziwazi: taswira ni kitu kimoja, na amri iliyobandikwa mwishoni ni kitu kingine. Kuuawa kwa mtoto wa Kiislamu popote pale hakumhalalishii mtu kumuua mwanafunzi, abiria wa basi au mnunuzi dukani. Amri hiyo haimo katika dhulma uliyoioneshwa. Imetiwa na mtu, basi muulize mtu huyo ni nani na elimu yake ameipata kwa nani.

NNE: MLIPAJI ALIYEFICHWA

Tadlisi ni mpokezi kuificha kasoro iliyomo katika isnadi, kama kumruka mtu ambaye angetajwa riwaya ingetiliwa shaka. Katika picha, anayerukwa mara nyingi ni mlipaji.

Mwaka 2001 ilitoka Black Hawk Down, picha ya mapigano ya Mogadishu ya tarehe 3 na 4 Oktoba 1993. Jeshi la Marekani lilitoa helikopta na askari wake zitumike katika kuipiga, na wizara ya ulinzi ya nchi hiyo ina kawaida ya kuusoma mswada kabla ya kutoa msaada wa namna hiyo. Picha ilipigwa Morocco. Wamarekani 18 waliopoteza maisha katika mapigano yale tunaoneshwa nyuso zao na tunaambiwa majina yao. Wasomali waliokufa kwa mamia ni kundi linalokimbia na kuanguka. Wanajeshi wa Pakistan na Malaysia waliokwenda na magari ya deraya kuwaokoa Wamarekani karibu hawaonekani. Ndiyo maana Malaysia mwaka 2023 ilitoa picha yake wenyewe, Malbatt: Misi Bakara. Marehemu Jack Shaheen, mwalimu wa chuo kikuu Marekani, alizipitia picha zaidi ya 900 zenye Waarabu ndani yake, na katika kitabu alichokitoa mwaka 2001 akaonesha kwamba sehemu kubwa mno inawafanya waovu au wapumbavu. Na siasa ikibadilika, sura nayo hubadilika. Katika Rambo III ya mwaka 1988, mpiganaji wa Afghanistan mwenye kilemba ni shujaa, kwa kuwa adui wa siku hizo alikuwa Mrusi. Baada ya mwaka 2001 kilemba kile kile kikawa alama ya adui.

Haya mtazamaji wetu huyapokea kwa furaha na hupiga paja. Basi asubiri, kwani uadilifu una upande wa pili. Suratul Maida inatuonya kwamba chuki juu ya watu isitupeleke katika kutotenda haki, na mapenzi nayo yana hukumu hiyo hiyo.

Picha ya Simba wa Jangwani ya mwaka 1981, aliyoiongoza Moustapha Akkad, imepasua nyoyo za Waislamu wengi. Inamhusu Sheikh Omar Mukhtar, mwalimu wa Qur'ani aliyepigana na Wataliano nchini Libya mpaka akanyongwa tarehe 16 Septemba 1931. Sisi walimu wa madrasa tunaipenda kwa sababu iliyo wazi. Serikali ya Italia iliizuia isioneshwe nchini kwake mwaka 1982, na hilo lilitupa sababu zaidi ya kuipenda. Lakini nani aliilipia? Ni serikali ya Muammar Gaddafi, aliyetawala kuanzia mwaka 1969 hadi 2011 na kupiga marufuku vyama vya siasa. Mtawala huyo alitaka watu wake na ulimwengu waamini kwamba yeye ndiye mrithi wa shahidi yule. Ushujaa wa Omar Mukhtar ni kweli ya tarehe, na hauhitaji kibali cha Gaddafi. Urithi anaodai Gaddafi umo katika mudraj.

Vivyo hivyo kwa stesheni. Al Jazeera ilianza mwaka 1996, ikavunja ukiritimba wa habari za Kiarabu, na wafanyakazi wake wamelipa kwa damu. Pia ni stesheni inayofadhiliwa na dola ya Qatar, na haiichunguzi Qatar kama inavyowachunguza majirani. Stesheni ya taifa ina serikali nyuma yake. Stesheni ya mfanyabiashara ina matangazo na maslahi ya mwenyewe. Hatusemi zote ni za uongo. Tunasema kila moja ina mlipaji, na mtu mzima humjua mlipaji wa kila anayemsikiliza.

HAKI YA NYUMBA

Ndugu zetu, tumeizungumza picha. Tuizungumze na sebule.

Mwanafunzi wetu mmoja wa miaka saba alituuliza kama ndege za kivita zinaweza kufika usiku mtaani kwao. Tulipomuuliza kwa nini anafikiri hivyo, alieleza kwamba yeye hulala sebuleni, na baba yake hutazama habari hapo hapo. Baba anaamini mtoto amelala. Mtoto amefumba macho, lakini anasikia mabomu.

Mtazamaji wa siasa huwadharau wanaotazama tamthilia, akaona kwamba yeye yumo katika ibada. Hebu ajipime. Mkewe akiwa na neno la nyumbani husubiri tangazo la biashara ndipo aseme. Mwanawe akileta daftari la hesabu huambiwa anyamaze kwanza. Maiti huoneshwa kwenye kioo sahani za chakula zikiwa mkekani, na watoto wanaendelea kula. Hili la kuendelea kula ndilo linalotutisha. Kisha mtu hukesha na habari za Msikiti wa Aqsa mpaka usiku wa manane, na Alfajiri ikaadhiniwa katika msikiti ulio hatua hamsini na mlango wake asiweze kuinuka. Aqsa haikupata chochote katika mkesha huo.

Na hapa ndipo lilipo dai letu kubwa. Kutazama humpa mtu hisia kwamba amefanya kitu. Amekasirika, amelia, amemlaani dhalimu, amebishana na mchambuzi aliye ndani ya kioo, na anapozima anahisi uchovu wa mtu aliyetoka kazini. Ghadhabu ambayo ingemtoa nyumbani ameimalizia kwenye kochi. Mtu huyu anawajua mawaziri wa nchi za mbali kwa majina, lakini hajui nani ni mwenyekiti wa kamati ya shule anayosoma mwanawe. Anajua bei ya pipa la mafuta, wala hajawahi kuuliza taarifa ya mapato na matumizi ya mtaa wake. Mkutano wa mtaa au wa shehia ukiitishwa Jumapili asubuhi yeye amelala, kwa sababu Jumamosi usiku alikuwa anaangalia mapinduzi. Watawala wabovu hawana haja ya kumwogopa raia kama huyo.

BAADA YA KUZIMA

Tunapendekeza mambo matano, na kila mwenye nyumba ayapime.

1. Kabla ya kuamini habari nzito, iulizwe maswali manne: msemaji ni nani? Nje ya kingo za picha kuna nini? Ni maneno yapi yamepachikwa juu yake? Nani amelipa? Ikikosa majibu, iwekwe kando kama riwaya ambayo haijathibiti, na isisambazwe usiku huo kwa simu.

2. Habari za vita zitazamwe watoto wakiwa hawapo. Wakikuwepo kwa dharura, mzazi azime sauti na awaeleze kwa maneno yanayolingana na umri wao. Mtoto anayeeleweshwa huogopa kidogo kuliko anayesikia mabomu gizani.

3. Taarifa moja ya nyumbani na moja ya nje zinatosha kwa usiku mmoja. Ile ya nje ibadilishwe mara kwa mara, ili mtu azoee kulisikia jambo moja kutoka kwa wapokezi wenye walipaji tofauti.

4. Anayetaka kutazama picha ndefu ya siasa aitazame pamoja na vijana wake, usiku usiofuatiwa na uzembe wa Alfajiri. Ikimalizika isizimwe na watu wakalale. Robo saa itumike kuulizana: kipi kilitokea kweli, na kipi kilitungwa? Kijana aliyezoea kuulizwa hivyo na baba yake, siku akiletewa video ya siri atauliza mwenyewe.

5. Kila dhulma inayotuliza kwenye kioo tuiambatanishe na tendo moja lililo ndani ya uwezo wetu: sadaka iliyofika kwa mwenyewe kwa njia ya halali, dua katika sijida, jina kuandikishwa katika daftari la wapiga kura, swali kuulizwa katika mkutano wa mtaa, yatima wa jirani kulipiwa mahitaji ya shule. Palestina iko mbali na mikono yetu mingi ni mifupi, lakini yatima wa mtaa wa pili hayuko mbali.

Ndugu zetu, Siku ya Kiyama hatutaulizwa kwa nini hatukuziona picha zote. Tutaulizwa juu ya tulichokisadiki bila ya elimu, tulichokisambaza, na walio chini ya ulinzi wetu.

Tunamwomba Allah (SW) atuoneshe haki kuwa ni haki na atuwezeshe kuifuata, na atuoneshe batili kuwa ni batili na atuwezeshe kuiepuka. Awanusuru wanaodhulumiwa kila mahali, awarehemu waliotangulia, na awahifadhi watoto wetu na fitina za wanayoyaona na wanayoyasikia. Aamin.

Wabillahi tawfiiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakaatuh.